'Run': Kijineno cha Kiingereza kinachowakimbiza wafasiri

Juma lililopita, mwendo wa saa tatu usiku, simu yangu ililia. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni karani katika mahakama moja ya chini. Mbali na kupanga mafaili, kazi yake ni kuwatafsiria mashahidi. Baada ya kujuliana hali, akanitupia swali ambalo mwanzoni nililidhania mzaha.

"Mwalimu, samahani kukusumbua usiku. 'Alikimbia' tunasemaje kwa Kiingereza?"

Nilicheka. Nikamwambia hilo hata mtoto wa gredi ya pili analijua. Ni 'ran', wakati uliopita wa 'run'. Kwani ukalimani umekuwa mgumu kiasi hicho?

"Usinicheke, Mwalimu. Mimi nilisema 'fled', na tangu mchana sina amani."

Akanieleza. Kijana mmoja alishtakiwa kwa kuiba simu kwenye steji ya matatu. Shahidi alikuwa mama anayeuza matunda papo hapo. Alipoulizwa aliona nini, akajibu kwa Kiswahili chake cha kila siku: "Mwenye simu alipopiga kelele, huyu kijana alikimbia." Karani wangu hakusita. Akatoa neno la Kiingereza linalomaanisha kutoroka, na hakimu akaliandika. Baadaye wakili wa mshtakiwa akasimama, akamuuliza yule mama: alikimbia akaenda wapi? Mama akajibu bila wasiwasi, "Si alikimbilia matatu? Ilikuwa imejaza, ishaanza kutoka."

Unaona, msomaji wangu, kilichotokea. Anayetoroka ana hatia machoni pa watu hata kabla ya hukumu. Anayekimbilia matatu ni abiria tu, kama wewe na mimi tunapochelewa kazini. Shahidi hakubadilisha ushahidi wake hata chembe. Neno la mkalimani ndilo lililokuwa limemfunga yule kijana nusu kifungo.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nimekuwa nikiahirisha kwa muda mrefu kuandika juu ya kitenzi hiki 'run'. Wengi wetu hukiona kijineno cha herufi tatu tulichofundishwa darasani kwa picha ya mtoto na mbwa wake. Nataka kuonyesha kwamba ni bahari, na kwamba wengi tunaozama ndani yake ni sisi tunaodhani tunajua kuogelea.

Tuanze na watu wa Oxford, wale wanaotunga kamusi kubwa ya Kiingereza. Toleo la kwanza la kamusi hiyo lilipokamilika mwaka 1928, kitenzi kilichokuwa na maelezo marefu kuliko vyote kilikuwa 'set'. Miaka ikapita. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba 'run' ndiyo iliyotwaa ubingwa: ilikuwa imehesabiwa maana 645, na hizo ni za kitenzi tu, bila kugusa nomino. Mhariri aliyepewa neno hilo, Peter Gilliver, alilishughulikia kwa zaidi ya miezi tisa. Miezi tisa, jamani! Ni muda wa kubeba mimba na kujifungua.

Maana hizo zimetoka wapi? Asili yenyewe inatoa fununu. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kina vitenzi viwili vinavyofanana: 'rennen' ni kukimbia, na 'rinnen' ni kutiririka. Kiingereza kiliviunganisha vyote katika neno moja, kwa hiyo tangu zamani 'run' ilikuwa ya miguu na ya maji pia. Mito, machozi, damu, kamasi na rangi ya nguo iliyofuliwa vibaya, vyote hivyo kwa Mwingereza 'hukimbia'. Kisha yakaja mapinduzi ya viwanda. Kukawa na mashine, treni na saa za ukutani, na watu wakahitaji kitenzi cha kueleza kitu kisicho na miguu lakini kinachofanya kazi mfululizo. Wakalichukua lililokuwa karibu. Zilipokuja kompyuta na programu zake, neno lilikuwa tayari.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Maji yetu hutiririka, machozi hudondoka au hububujika, damu huchuruzika, rangi ya nguo huchuja. Mashine yetu huenda, na anayeifanya iende huiendesha. Ndiyo maana programu huendeshwa, kampuni huendeshwa, mashtaka huendeshwa na gari huendeshwa. Kama Kiswahili kina mshindani wa 'run', basi si 'kimbia' bali ni 'enda' na watoto wake wote: endea, endesha, endeleza, mwendo, mwenendo, maendeleo. Nawasisitizia wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka, na kila mwaka nasahihisha insha ambamo mtu 'anakimbiza biashara ya mitumba'. Ukikimbiza biashara, ndugu yangu, itakimbia kweli na hutaiona tena.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikakiwekea kijineno nyuma. Ukisema 'run over', gari limemgonga mtu. Ukisema 'run out', sukari imeisha nyumbani. Ukisema 'run into', umekutana na mtu ghafla au umegonga ukuta. Ukisema 'run down', ama betri imekwisha nguvu, ama nyumba imechakaa, ama mtu amemsengenya mwenzake. Kitenzi ni kilekile, lakini mkia wa pembeni ndio unaoamua. Sisi mkia wetu umo ndani ya neno lenyewe. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbizwa: ukibadilisha silabi moja, umebadilisha mwelekeo wa safari nzima.

Na hapo ndipo kesi ya steji ilipoharibikia. Kumkimbia mtu ni kumwepuka. Mdaiwa humkimbia mwenye duka. Kumkimbilia mtu ni kwenda kwake, aghalabu ukitafuta msaada. Mtoto humkimbilia mamake radi inapopiga. Kutoka hapo tukapata 'kimbilio'. Silabi moja tu, '-li-', imemgeuza adui kuwa mwokozi. Lakini 'kukimbia' peke yake, bila kutaja unachokimbia wala unachokikimbilia, huwa wazi pande zote. Marehemu Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago Oktoba 8, 2023 kwa saa mbili na sekunde 35, alikimbia. Watu wanaoacha makwao kwa sababu ya vita nao wamekimbia. Lugha imewatenganisha kwa nomino: wa kwanza ni mkimbiaji, wa pili ni mkimbizi. Katika kitenzi, hata hivyo, wako pamoja. Huyo wa pili, mkimbizi, hakuundwa kiholela. Ni muundo wa kale uleule unaotupa mlezi kutoka lea, mkwezi kutoka kwea na mjuzi kutoka jua. Mwanahabari anayeandika 'wakimbiaji wa Kakuma' akimaanisha watu waliopewa hifadhi katika kambi ile amewapeleka uwanjani watu wasio na viatu vya mbio.

Wala 'kukimbiza' si rahisi. Magazeti yetu huandika kwamba majeruhi 'alikimbizwa hospitalini', na vilevile kwamba mshukiwa 'alikimbizwa na wananchi wenye hamaki'. Wa kwanza anaokolewa, wa pili anatafutwa kwa mawe. Msomaji huelewa kwa muktadha, lakini mashine za kutafsiri hazina muktadha wa steji zetu, na wakati mwingine hata binadamu hana.

Tukitoka mahakamani twende kwenye siasa, maana huko ndiko 'run' hututesa zaidi. Mmarekani anayetaka kuchaguliwa 'hukimbia'. Mwingereza, ambaye ndiye mwenye lugha, 'husimama'. Kwake mwaniaji ni mtu anayesimama watu wamtazame. Mswahili naye hakimbii wala hasimami. Yeye hugombea, na mzizi wa neno hilo ni uleule wa ugomvi. Nani atasema lugha yetu haiijui siasa ya Kenya? Ukitaka neno lenye adabu zaidi, sema 'kuwania'. Lakini siku hizi masikio yetu yamezoea kusikia kwamba fulani 'anakimbilia kiti cha ugavana', na hata wasomaji wa habari redioni hulitamka bila kupepesa macho. Sisemi ni dhambi. Sarufi yake haina doa, kwa kuwa kiti kipo kule na mtu anakiendea mbio. Ila linanikera kwa sababu tulikuwa na neno letu, tena kali zaidi, tukaliweka kabatini ili tuvae la mitumba.

Hilo la kukera ni dogo. La hatari ni hili: Kiingereza kina 'run-off' na kina 'rerun', maneno mawili yanayofanana kama mapacha, na mwaka 2017 niliyasikia yakibadilishana nafasi kila siku. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais Septemba mosi mwaka huo, Wakenya walirudi vituoni Oktoba 26. Kuna waliosema tunaenda 'duru ya pili'. La hasha! Yalikuwa marudio. Tofauti si ya wanaisimu peke yao, imo ndani ya Katiba. Kifungu cha 138 kinasema kwamba mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wapigakura hurudi ndani ya siku 30 kuchagua kati ya wawili walioongoza. Hiyo ndiyo duru ya pili. Uchaguzi wa kwanza haukuwa na kasoro, ila haukutoa mshindi. Kifungu cha 140 ni habari nyingine: uchaguzi umefutwa na mahakama, na mpya unafanyika ndani ya siku 60. Hayo ni marudio.

Sasa mfikirie mpigakura anayepata habari zake zote kwa Kiswahili. Ukimwambia 'duru ya pili', umemwambia kwamba ya kwanza bado ni halali na kwamba kuna mtu anayeongoza kwa kura zilizokwisha kuhesabiwa. Ukimwambia 'marudio', umemwambia kwamba zile kura zimetupwa, tunaanza upya. Mtu anaweza kuamua kwenda au kutokwenda kituoni kwa sababu ya neno hilo moja. Nami nilibishana na jirani yangu jioni nzima, yeye akishikilia kwamba 'duru' na 'marudio' ni ndugu. Mwishowe aliniuliza, "Kwani Mwalimu, kura si ni kura tu?" Sikumjibu. Chai yake ilikuwa imepoa na yangu pia.

Hospitalini nako kuna vioja. Kiingereza cha Kenya kimejitungia usemi wake, 'running stomach', ambao ukimwambia Mwingereza wa London huenda akakutazama kwa mshangao. Sisi nasi tumeuchukua usemi huo na kuurudisha kwa Kiswahili: 'tumbo inakimbia'. Inakimbia iende wapi? Kiswahili kina neno kuhara, lisilo na utata wowote. Wanaoliona zito kinywani husema 'tumbo linaniendesha' au 'ana tumbo la kuendesha'. Hapo nilipata kitu cha kunishangaza. Mwingereza alitumia kitenzi cha kukimbia, Mswahili akatumia cha kwenda, na wote wawili, bila kuulizana, wakafika msalani. Jihadhari tu usikate sentensi. Binti mmoja aliwahi kuulizwa kwa simu kwa nini babake hapokei, akajibu, "Baba anaendesha." Aliyepiga akangoja afike mwisho wa safari. Mzee wa watu hakuwa hata na gari.

Daktari akisema kwa Kiingereza kwamba 'atakimbiza vipimo', ana maana kwamba utapimwa. Mtoto 'anayekimbia joto' ana homa. Sifa 'inayokimbia katika familia' ni ya kurithi, iko kwenye damu. Haya hayahitaji maelezo marefu. Anayeyatafsiri neno kwa neno hatafsiri, ananakili.

Kriketi ilinipa taabu ya aina nyingine. Februari 29, 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya iliwaangusha West Indies mjini Pune, India, kwa tofauti ya 73. Sabini na tatu nini? Kwa Kiingereza ni 'runs'. 'Mbio' haihesabiki vizuri, kwani mbio sabini na tatu ni kama mashindano sabini na matatu. 'Alama' inaeleweka, lakini inapoteza ile picha ya wachezaji wawili wakipishana katikati ya uwanja. Wengine hutumia 'mikimbio', na nalipenda. Lilipoundwa halikumuibia mtu: lina ngeli yake, lina umoja na wingi, na mzizi wake ni wetu. Hivi ndivyo neno geni linavyopaswa kupokelewa, kwa kuangalia kwanza tuna mti gani shambani kabla ya kuagiza mbao.

Benki nazo zina 'run' yao, siku wateja wanapoingiwa na hofu na kwenda wote kwa pamoja kutoa akiba zao. Wakenya wanakumbuka Aprili 2016. Hapo hatukuhitaji kukimbia. Tuliandika kwamba watu 'walimiminika' kwenye matawi, na kwa bahati tukawa tumerudi kwenye maji, kule kule alikoanzia Mjerumani.

Kabla hujanishangilia kwa kukisema Kiingereza, nikumbushe kwamba nasi tuna dude letu. Mwambie Mzungu anayejifunza Kiswahili kwamba 'piga' ni kuchapa. Kisha mwambie tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, picha, kura, chafya, miayo, magoti, foleni, soga na kambi. Nina rafiki kutoka Ujerumani aliyesoma kwenye bango kwamba wananchi wahimizwa 'kupiga kura' akaniuliza kura imewakosea nini. Na 'kula'? Tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na mzee aliyekula chumvi nyingi haumwi shinikizo la damu. Kila lugha ina punda wake wa kubebeshwa mizigo yote ya nyumbani. Kosa ni kudhani punda wa jirani hubeba mizigo ileile.

Nirudi kwa karani wangu, maana sikumwacha hewani usiku ule. Alitaka nimwambie kwamba hakukosea. Sikuweza. Nilimwambia kwamba 'fled' ni tafsiri moja halali ya 'alikimbia', lakini si yeye aliyepaswa kuichagua. Shahidi aliacha mlango wazi, mkalimani akaufunga. Kama neno la shahidi lina maana mbili, kazi ya mkalimani ni kutafuta neno la Kiingereza lenye wazi uleule, na hapo 'ran' lilikuwepo, bure, mezani. Likikosekana, aombe ruhusa shahidi aulizwe afafanue. Katiba, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Haki hiyo haina maana kubwa ikiwa anayeletwa ana neno moja tu mfukoni kwa kila kitenzi.

"Lakini Mwalimu," akasema, "pale hakuna muda wa kufikiria. Shahidi anaongea, hakimu anaandika, wakili anakutazama."

Ni kweli. Mimi hukaa na sentensi moja asubuhi nzima, kikombe cha chai kando, na bado hukosea. Yeye ana sekunde mbili. Tena hakuna aliyemfundisha rasmi ukalimani wa mahakama. Aliajiriwa kupanga mafaili, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kizuri, akasukumwa mbele. Wako wengi kama yeye.

Asubuhi yake alinitumia ujumbe. Kabla kesi nyingine hazijaanza kutajwa, alimwomba hakimu ruhusa ya kusema jambo. Akaeleza kwamba alilotafsiri jana lilikuwa na maana zaidi ya moja na kwamba yeye alichagua iliyo nzito. Hakimu alimtazama kwa muda, akafungua faili, akamuuliza sasa aandike nini. Akamwambia aandike 'ran', na mbele yake aongeze maneno ya shahidi mwenyewe kwa Kiswahili, 'alikimbilia matatu'. Hakimu akakata mstari mmoja kwa kalamu na kuandika juu yake. Kesi itatajwa tena mwezi ujao.